Nipe Garsen

Mimi Mastura, tangu nijue kusema nilikuwa sijawahi kumpa mtu mji. Waulize watu wa Shela hapa Malindi. Kitendawili chochote nilichotegewa nilikitegua, na kama sikukitegua basi nilibishana mpaka aliyetega akajuta kunijua. Wenzangu ndio waliokuwa wakinipa mimi: nimepewa Mombasa mara zisizo hesabu, nimepewa Lamu, nimepewa Unguja, na bibi mmoja aliyekata tamaa akanipa Maka nzima. Maana sheria ndiyo hiyo, ukishindwa jibu unampa mji aliyetega, naye anajidai jinsi alivyokwenda huko akala akanywa, ndipo arudi akwambie jibu. Mtoa mji ni mshinde, nami sikuumbwa kuwa mshinde.

Ndiyo sababu ilipobidi wifi yangu Kibibi atafutiwe mchezo, sikumwuliza mtu. Nilijua kazi hiyo ni yangu.

Kibibi alikuwa mke wa mdogo wangu Awadh. Awadh alikuwa dereva wa lori, akipakia bidhaa Mombasa na kuzipeleka popote penye duka. Mwisho wa mwaka thamanini na mbili, mvua ya vuli ilipokataa kukatika, lori lake likapinduka karibu na Garsen. Njia ilikuwa imekatwa na maji, hakuna cha kuleta maiti wala cha sisi kwenda, wakamzika huko huko siku ile ile. Watu wema, Mungu awalipe. Sisi tuliletewa habari na saa yake ya mkono.

Kibibi alikuwa na mimba changa. Eda ya mwenye mimba haihesabiwi kwa miezi, ni mpaka ajifungue. Basi akakaa ndani kwa mama yetu, Bi Mwanabibi, katika chumba cha uani, nguo yake moja isiyo na rangi, macho hayana wanja, uso ukutani. Angelia ningejua la kufanya, kulia nakujua. Hakulia. Hakula pia. Mama akimpelekea uji anaukoroga, anaukoroga, mpaka unafanya utando, kisha anausogeza kando kwa adabu kabisa.

"Mgonjwa haulizwi uji," Mama akasema. "Wewe peleka tu."

"Mama, uji unafika. Mdomoni ndiko hauendi."

Kliniki ilikuwa ruhusa, ile ni dharura, nikawa nampeleka mimi. Muuguzi akampima, akapima tena, kisha akanivuta pembeni. "Huyu asipokula, mtoto atakula wapi?" akaniambia. "Tumbo halikui. Akirudi hivi hivi namlaza, na kumlaza si dawa, sitamtia chakula kwa nguvu." Njia nzima ya kurudi Kibibi hakuniuliza nimeambiwa nini. Mimba ile alikuwa haitaji kabisa, utafikiri ni ya mtu mwingine.

Nikawaza sana siku hizo, na kuwaza kwangu huwa kwa sauti, kwa hiyo nyumba nzima ilijua. Nilisema hivi: tumbo la huyu halina ubaya, ni akili ndiyo isiyotaka kukaa humu. Akili ikipata shughuli itarudi, na ikirudi itakuta ina njaa. Ipewe mchezo.

Nikaanza na karata. Kibibi alicheza, hakukataa, alikuwa mtu wa heshima hata katika msiba. Nikamfunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakujali. Nami niseme kweli, kumfunga mtu asiyetaka kushinda ni kama kufua nguo safi, unachoka bure. Nikazikusanya karata zangu.

Nikakumbuka kimchezo cha betri. Mume wangu Msellem alikuwa akifanya kazi Jidda, na mwaka ule alituletea kidude kidogo kinachoingia kiganjani, kina kioo, na ndani ya kioo vijitu vyeusi vinaruka kutoka nyumba inayoungua. Wewe unabonyeza uvidake kabla havijafika chini. Ukikosa kimoja kinalia tii. Mtaa mzima ulikuwa ukipanga foleni kukishika. Kibibi akabonyeza kidogo, kikalia tii, tii, tii, kikazima, kisha kikawaka upya na vijitu vyote vizima juu ya nyumba. Akanirudishia.

"Wifi," akaniambia, "hawa wanakufa, kisha wanaambiwa waanze tena."

Nilikifunga kile kidude ndani ya leso nikakitia chini ya nguo sandukuni. Nilijilaani mchana kutwa.

Haya, nikasema, basi kitu cha kwetu. Mimi nina hadithi ya jini la kisima, ukinisikiliza nikiisimulia utaomba kusindikizwa msalani. Alasiri moja nikafunga madirisha, nikashusha sauti, nikaanza kumleta yule jini ngazi kwa ngazi. Nilipofika pale anapotoa mkono kisimani, Kibibi akanitazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtoto anayekuonyesha jino lililong'oka.

"Anatisha, wifi," akasema. "Lakini mimi la kunitisha limeshanifika."

Nikafungua madirisha.

Vikabaki vitendawili. Na hapo Mama akaanza kelele, maana kwetu vitendawili na hadithi ni vya jioni. Ukivitega mchana utaota mkia, kila mtoto anajua. Mama alikuwa na kitanda chake cha kamba mle mle chumbani, akilala ubavu na tasbihi mkononi, mgongo kwetu. "Mkia huo mtauficha wapi," akasema bila kugeuka. Nikamwambia nina mabuibui mapana. Tasbihi ikaendelea.

Nikamtegea Kibibi vya watoto makusudi, ili avipate, afurahi.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Kuku wangu katagia miibani."

"Nanasi."

Alijibu kama mtu anayeitika jina lake ofisini. Alivipata vyote, na kila alichopata kilimzidishia uchovu. Nikamwona anaanza kugeukia ukuta, nami nikaingiwa na hofu, kwa sababu sikuwa na mchezo mwingine. Siku ya kliniki ilikuwa inakuja.

Ndipo Mbeyu akabisha hodi. Mbeyu alikuwa mtu wa Jilore, kaolewa akaja kukaa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa hapa Malindi, na alikuwa akituletea maziwa. Rafiki yake hasa alikuwa Kibibi, mimi na yeye tulikuwa tukivumiliana. Akamwamkia Mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye mkeka.

"Na wewe nikutegee," nikamwambia, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kushinda mtu. "Kitendawili."

"Tega."

"Popoo mbili zavuka mto."

Mbeyu akafikiri. Akasema ndege, akasema mitumbwi, akasema nyani wawili. Nikamwambia nipe mji. Akanipa Mombasa. Nikaupokea kama ninavyoipokea miji siku zote, mbio mbio, maana utamu wangu uko kwenye jibu: "Nikaenda Mombasa, nikala, nikanywa, nikarudi, jibu lake ni macho."

Kibibi akageuka kutoka ukutani.

"Ulipitia wapi?" akaniuliza.

"Wapi kuhusu nini?"

"Kwenda Mombasa. Umesema umekwenda. Ulipita Gede? Kilifi uliikuta feri upande huu au ilikuwa ng'ambo ukangoja?"

Katika miaka yote ya kupewa miji sikuwahi kuulizwa swali hilo. Miji mimi huipokea, siendi. Nikasema, ah, ilikuwa upande huu. Akatikisa kichwa. "Haiwi upande huu hata siku moja," akasema. "Awadh alisema akifika tu, ndiyo kwanza inaondoka." Na hilo ndilo lilikuwa jina la mumewe mdomoni mwake mara ya kwanza tangu tuletewe ile saa.

Mbeyu, Mungu ampe maisha, hakunitazama wala hakuuliza mambo. Alisema tu, "Basi nenda wewe, Kibibi. Huyu Mastura hajui njia."

"Mji amepewa yeye."

"Nimekupa," nikasema haraka. Maneno hayo yalinitoka kabla sijayaona, nami nikahesabu kuwa ule ulikuwa mji wa Mbeyu, si wangu, kwa hiyo rekodi yangu ilikuwa bado safi.

Kibibi akafumba macho akaondoka. Akatoka mjini, akaipita Gede, akaingia pale barabara inapoambaa na msitu, miti imesongamana, jua linaingia vipande vipande. Mbeyu akapiga kofi moja mkekani.

"Simama hapo. Mimi ni katsumbakazi."

Katsumbakazi ni kijitu cha msituni cha Wagiriama, kifupi sana, kimo chake hapa na hasira zake hapa. Mbeyu akabinua mdomo, akatia mikono kiunoni, akamwuliza kwa sauti ya puani: "Uliniona wapi?"

"Nikijibu vibaya?" Kibibi akauliza.

"Nakupiga, huendi Mombasa."

Paji la uso la Kibibi likakunjamana. Nililiona, na nusura nimshike mkono Mbeyu kwa furaha. Kibibi alikuwa anafikiri. "Nikisema nimekuona hapa hapa," akasema polepole, "nitakuwa nimesema u mfupi, sikukuona mpaka nikakukaribia." Akafungua macho. "Nilikuona tangu niko Gede. Nikajiuliza, nani yule mrefu kupita miti?"

Mbeyu akacheka, akampisha njia. Nami sikukubali kuachwa nyuma. Alipofika Kilifi, nikajifanya mwenye feri. Nikamwambia ana chui, ana mbuzi na ana tita la majani, na feri yangu leo inachukua kimoja kwa safari moja, avuke asiliwe kitu. Akavusha mbuzi, akarudi, akachukua chui, akarudi na mbuzi, akavusha majani, akamrudia mbuzi, wala hakusita. Akashuka ng'ambo na vitu vyake vyote vitatu. Kisha akatulia pale.

"Hapa panauzwa korosho," akasema. "Za kukaanga. Awadh alikuwa akinunua akifika hapa, lakini alikuwa akizimaliza kabla hajafika nyumbani, akiniletea harufu tu."

Nilitoka bila viatu. Mtaa wa pili alikuwapo mwuza korosho, nikampokonya kapu zima mkononi, nikarudi nikihema. "Ni sheria," nikasema, na sheria hiyo niliitunga pale mlangoni. "Aliyepewa mji lazima ale cha mji. Akikataa, mji unarudi kwa mwenyewe." Kibibi akazitazama zile korosho. Akachukua moja, akatafuna. Akachukua nyingine. Mimi na Mbeyu tukazungumza habari za bei ya nazi, hatukumtazama, huku roho zetu zikimhesabia.

Basi tukaujua mchezo wake. Nilimwuliza baadaye, nikiwa na uchungu kidogo kwa zile karata na lile jini langu zuri, kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema, "Sikujua mwenyewe. Nyinyi mlidhani nataka kushinda, kisha mkadhani nataka kusahau. Mimi nataka kwenda. Awadh akirudi hakuwa akisema amefika, alikuwa akinisimulia njia. Sasa hakuna wa kunisimulia."

Ikawa kila siku baada ya sala ya alasiri tunakaa. Kibibi ndiye anatega, sisi tunashindwa. Mbeyu alishindwa kwa raha zake. Mimi nilijing'ata ulimi, wallahi, majibu yananiwasha kooni, nikisema, "Jaribu Mbeyu, mimi leo kichwa kizito," na Mbeyu anatoa mji. Siku moja Kibibi alikwenda Junju, akakuta mti unaozungumza unaomdai siri, na huko akala mihogo ya nazi. Takaungu alikutana na bibi kizee mwenye funguo saba na mlango mmoja, akala samaki. Mombasa akafika hatimaye, akala mbaazi kwa mahamri, akasema ziliungwa vizuri. Nilizitia tui la kwanza, zingekosaje? Muuguzi alipompima akaniangalia juu ya miwani. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, lakini akasema bado, bado sana, msilegeze.

Mama hakucheza. Kila siku alikuwa pale kwenye kitanda chake, mgongo kwetu, akilalamika mikia. Tukimwita ale anasema ameshakula. Nasi tulikuwa na mtu mmoja wa kumtazama, tukamtazama huyo.

Kisha miji ikaisha utamu. Siku moja Kibibi alikataa Mombasa. Akakataa Kilifi na korosho zake. "Kusini nimechoka," akasema. Sahani ya asubuhi ilikuwa imerudi jikoni kama ilivyotoka, na ya mchana pia, na uso wake ulikuwa umeanza kutafuta ukuta. Nikaogopa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa na michezo minne mkononi, na siku hiyo nilikuwa na huu mmoja tu.

"Tega hata kimoja," nikamwomba.

Akakaa kitako. Akanitazama mimi, si Mbeyu. "Kitendawili."

"Tega."

"Huingia bila hodi, hutoka bila kuaga."

Jibu lilinijia, likasimama mlangoni mwa ulimi wangu. Nilidhani ni mauti. Katika nyumba ile, mbele ya mwanamke yule na mbele ya mama yangu, singeweza kulitamka hata kwa kushikiwa kisu. Nikatafuta jingine sikulipata. Mbeyu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Sijui," nikasema. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe Garsen."

Tasbihi ya Mama ikakoma.

"Nakupa Lamu," nikasema.

"Sitaki."

"Nakupa Unguja. Nakupa Maka, Kibibi, ninayo."

"Sitaki." Na anayepewa ana haki ya kukataa mpaka apewe autakao. Hiyo pia ni sheria, na mimi mwenyewe niliwatesa nayo watu miaka mingi. Nilijua nikimnyima atageuka ukutani na hatageuka tena. Nilijua pia nikimpa huenda asirudi kutoka huko. Na jambo jingine, niliseme nalo: mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kufika Garsen hata kwa mawazo. Nikifika Mambrui akili yangu hugeuza gari.

"Nimekupa," nikasema.

Akafumba macho. "Natoka," akasema. "Nimevuka daraja la Sabaki, maji ni mekundu. Nimepita Mambrui, watu wanatoka msikitini. Gongoni. Naona chumvi imerundikwa, nyeupe. Marereni. Hapo mbele ni vichaka tu na ng'ombe, alisema, na barabara haina mwisho." Akatega sikio. Tukangoja. "Mbona hamweki mtu njiani?"

Mimi na Mbeyu hatukuthubutu. Nani angejifanya zimwi njia ile?

"Wekeni mtu," akasema. "Siwezi kwenda mahali pasipo na mtu."

"Mimi niko huko."

Alikuwa Mama. Hakugeuka, aliuambia ukuta.

"Wapi, Mama?" Kibibi akauliza.

"Garsen. Kando ya barabara. Nimekaa hapo tangu siku ile. Nyinyi mlirudi, mkapika, mkafua, mkacheza. Mimi nimebaki hapo. Sijui kaburi liko upande gani na sijui njia ya kurudi."

Nilitaka kuinuka nikamshike mama yangu. Kibibi ndiye aliyeinuka. Alikwenda na tumbo lake mpaka pale kitandani, akakaa ukingoni.

"Nimekuona, Mama," akasema. "Nimesimama mbele yako. Una swali la kuniuliza?"

"Sina swali, mwanangu. Nimechoka tu."

"Basi tumsomee kwanza, kisha twende."

Tukasoma Fatiha, sisi watatu, kila mmoja akatazama alikodhani ndiko Garsen. Mbeyu, mtu wa kanisani, aliinamisha kichwa mpaka tulipomaliza. Ndipo Kibibi akalia. Alilia kwa sauti, kilio kizito cha mtu aliyefika, na Mama akalia pamoja naye, nami sikubaki nyuma. Sikuogopa kilio hicho hata kidogo.

Alipotulia akamshika Mama mkono. "Inuka sasa. Shika hapa. Tunarudi."

"Mbali."

"Ni mbali. Vichaka. Ng'ombe wanavuka, tuwangoje. Haya wamepita. Marereni hii."

"Marereni," Mama akafuatisha.

"Gongoni. Angalia chumvi."

"Naiona."

"Mambrui. Utakunywa maji?"

"Tupite tu."

"Sabaki. Shika ukingo, usitazame chini. Tumevuka. Hilo bomba la maji la kwetu. Huo mlango. Inama kidogo, mlango mfupi." Kibibi akamwachia mkono. "Umefika, Mama. Hapa ni nyumbani."

Mama akageuka. Alitutazama mmoja mmoja, utadhani kweli ametoka safari na anatukuta tumebadilika. Nami ndipo nilipomwona. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki mishipa, bangili ya fedha aliyoivaa tangu mimi mdogo imepanda mpaka kwenye kiko cha mkono. Ameshakula, ameshakula, kila siku ameshakula, na mimi nilikuwa nalinda sahani moja.

"Kuna nini jikoni?" akauliza.

Kulikuwa na wali wa nazi wa mchana na samaki wa kukaanga. Nikaleta sinia moja, maana mikono yangu isingeweza kubeba mbili. Wakala pamoja. Mama akimchambulia Kibibi miiba, Kibibi akimsogezea Mama ukoko anaoupenda. Mbeyu akaongeza maziwa bila kuambiwa. Mimi sikula, nilishiba kwa kuwatazama, na nilipokusanya zile punje chache zilizobaki nilimshukuru Mungu kwa kila punje isiyokuwapo.

Kabla sijamaliza kuosha sinia Mama alikuwa amelala. Hakuwa anajilaza tu na tasbihi kama siku zote. Alilala hasa, mdomo wazi, akikoroma.

"Wifi," Kibibi akaninong'oneza, "nimerudi na hukuniuliza jibu."

"Jibu la nini?"

Akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Usingizi."

Nikaziba mdomo kwa leso nikacheka mpaka mbavu zikauma, machozi yananitiririka. Nilikuwa nimedhani jingine, nikamwambia. Akasema anajua, aliniona nilivyobadilika rangi. Nikamwambia hiyo haihesabiwi kushindwa. Akasema inahesabiwa.

Ilihesabiwa. Tangu siku ile nikawa na sahani mbili za kulinda, na zote mbili zikawa zinarudi tupu. Muuguzi safari iliyofuata alimpima Kibibi akasema, "Sasa huyu mtoto naye ni mtu." Mimba ilipotimia, masika ilikuwa imeshika, na mtoto akaja alfajiri ya Ijumaa, msichana, mzima, mwenye sauti ya kumtoa muadhini kazini. Eda ikaisha saa ile ile. Nilipotoka kumwambia Mama nililazimika kukaa kwanza chini ukumbini, na mzigo nilioubeba miezi ile ukanishuka wote kwa pamoja. Mbeyu alinikuta hapo akadhani kuna msiba. Nikamwambia hakuna, hakuna kabisa, kaa nami.

Mvua zilipopungua na njia ikakauka, Kibibi akasema sasa anataka Garsen yenyewe, na mtoto amwone baba yake alipo. Nikaanza kupanga nani aende na nani abaki na nyumba. Nikamwambia Mama, na umri huu, vumbi lote lile, yeye abaki, tutamsomea kwa niaba yake.

Mama alikuwa ameshavaa buibui.

"Mimi nakaa dirishani," akasema. "Safari ile nilikwenda nimefumba macho."